Safari na Watu wa Nyumba



Mzazi mmoja wa Kasulu ametuletea swali ambalo tumeona linafaa kujibiwa mbele ya wote. Asema kwamba watoto wake wanamlilia awapeleke Kigoma wakalione ziwa wakati wa likizo, na mkewe naye amewaunga mkono. Uwezo wa nauli anao, walakini moyo wake wasita. Auliza: Je, kutoa fedha ili kwenda kutazama tu, pasipo msiba, wala harusi, wala biashara, si israfu? Tena, je, ni heshima kwa mtu mzima kuwachukua mkewe na watoto wakalale nje ya nyumba yao bila ya dharura?

Tungeweza kumjibu kwa maneno machache tukanyamaza. Lakini swali hili lilipata kutukuta sisi wenyewe, nasi tulilijibu kwa miguu yetu kabla ya kulijibu kwa kalamu. Basi tumeona bora tuyaeleze yaliyotupata, mazuri yake na mabaya yake, ili kila mwenye nyumba apime mwenyewe.

Sisi kazi yetu ni kusomesha watoto Kurani hapa Kibondo, na umri wetu umepita miaka hamsini. Katika umri huo tumesafiri mara nyingi. Tumekwenda Kigoma kwa mambo ya madrasa, tumekwenda Tabora kuzika, tumekwenda Kasulu kuoza. Lakini tulipojihesabu tuliona kwamba safari zote hizo tulikwenda peke yetu, na mama watoto akabaki nyumbani akichota maji na kupalilia maharage. Yeye katika miaka 26 ya ndoa yetu alikuwa ameuvuka mto Malagarasi mara mbili tu, na mara zote mbili alivuka akilia, maana alikuwa akienda mazishini. Na kijana wetu mkubwa alijua kuandika kwamba kina cha Ziwa Tanganyika ni mita 1,470, na kwamba katika dunia nzima halipitwi kwa kina ila na ziwa Baikal la Urusi. Mtihani wa shule aliufaulu. Lakini mguu wake hakupata kuutia katika maji ya ziwa hilo, na hali mkoa wake ndio uliobeba jina la mji wa ziwani.

Aliyetuamsha ni binti yetu wa miaka 13. Siku moja tulikuwa tumewasomesha wanafunzi habari za Mtume (s.a.w.), jinsi alivyokuwa safarini akawaambia watu watangulie mbele, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bibi Aisha akamshinda. Na baada ya zamani kupita, hali Bibi amekwisha nenepa, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hiyo imelipa ile. Jioni, tulipokuwa tumekaa uani, binti akauliza: "Baba, Mtume alisafiri na Bibi Aisha. Wewe na Mama mmesafiri wapi?"

Mama watoto aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua maharage. Nasi mwalimu wa watu tukakosa jibu.

Basi usiku ule tukafikiri sana. Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake amewaamrisha watu, tena si mahali pamoja, watembee katika ardhi watazame alivyoanzisha viumbe, na watazame mwisho wa waliowatangulia. Hakusema kwamba amri hiyo ni ya wanaume peke yao, wala ya matajiri peke yao. Na Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake, ajulikane ni nani wa kufuatana naye. Yeye aliyebeba umma mzima mabegani alipata nafasi ya kupiga mbio na mkewe. Sisi wenye wanafunzi arobaini tulikuwa tukisema hatuna nafasi.

Ama israfu, hiyo ni kupita kiasi, wala si kila matumizi. Tuliuza beberu mmoja na madebe matatu ya maharage. Hatukukopa kwa mtu, wala hatukugusa fedha ya shule ya watoto. Tukapanga siku tano: kushuka Kasulu, kutoka hapo kwenda Ujiji na Kigoma, kisha kurudi Kasulu na kulala usiku mmoja nje, chini ya turubai, katika shamba la shemeji yetu upande wa Heru Juu, ili watoto wapate kuijua nchi usiku kama wanavyoijua mchana.

Hapo palitokea mambo mawili, na msomaji ayashike, maana tutayarudia.

La kwanza, kitinda mimba wetu, mwenye miaka 7, aliposikia habari ya turubai aliuliza: "Baba, kwani tumekuwa wakimbizi?" Msomaji aliye mbali na kwetu pengine hatalifahamu swali hili, lakini mtu wa Kibondo na Kasulu atalifahamu mara moja. Katika nchi yetu hii ya Buha, tangu watu walipokimbia Burundi mwaka 1972, na wakakimbia tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015, na tangu ndugu wa Kongo walipofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, hema na turubai zimekuwa alama ya mtu aliyepoteza kwao. Mtoto wetu hajapata kuambiwa kwamba yuko mtu anayelala chini ya turubai kwa hiari yake, na asubuhi akarudi nyumbani.

La pili, mama watoto alituambia kwa upole: "Mwalimu, Desemba hii mvua haina miadi. Kwa nini tusingoje Juni?" Nasi tukamjibu kwamba sisi ndio tuliozoea safari, yeye atengeneze masurufu tu.

Tukaondoka siku ya Jumatatu baada ya sala ya Alfajiri. Tulikuwa sita: sisi, mama watoto, vijana wawili, binti na kitinda mimba. Tukatia niya, tukaomba dua ya safari kwa pamoja, na kwa kuwa Mtume amefundisha kwamba wasafiri wakiwa watatu na wamchague mmoja kuwa amiri wao, tukajichagua wenyewe. Hatukumwuliza mtu.

Basi letu lilipofika mtoni Malagarasi tuliwaonyesha watoto maji. Tukawaambia kwamba mto huu huzaliwa katika milima ya mpakani na Burundi, huizunguka nchi yetu ya juu kama mtu anayekagua shamba lake, huenda ukajitawanya katika vinamasi vya Malagarasi na Moyowosi, kisha hugeuka magharibi ukaingia Ziwa Tanganyika. Vinamasi hivyo viliandikwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania katika orodha ya kimataifa iitwayo Ramsar, kwa wingi wa ndege na samaki wake. Kijana wa pili akasema: "Kumbe maji haya na sisi tunakwenda mahali pamoja, ila yao ni njia ndefu." Alikuwa hajapata kupenda somo la jiografia.

Tulipopita Makere, karibu na njia ya kwendea Nyarugusu, mama mmoja aliingia basini na mtoto mgongoni na furushi kichwani, akazungumza Kiswahili cha Kongo. Nafasi haikuwapo. Binti yetu alinyanyuka akampisha bila ya kuamrishwa, akasimama mpaka Kasulu. Nyumbani binti huyu ni mkimya, nasi tulikuwa tukimdhania mzito wa mambo. Wanavyuoni wamesema kwamba neno safari, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina undugu na neno lenye maana ya kufunua, kwa kuwa safari hufunua tabia za watu. Siku ile tulifunuliwa ukurasa wa kwanza, nao ulikuwa mzuri.

Kasulu tulilala kwa shemeji. Watoto waliona desturi za wazee wa Kiha, jinsi wanavyoamkiana kwa makofi ya taratibu na maneno marefu ya heshima, mambo ambayo kwetu mjini yanaanza kusahauliwa. Mzee mmoja aliwasimulia habari za Heru, na habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekuwa mtawala wa Heru kabla ya Uhuru. Binti yetu akauliza maswali mpaka mzee akacheka, akasema huyu atakuwa hakimu.

Siku ya pili tukashuka Kigoma. Tunasema tukashuka, maana Kasulu iko juu sana, na uso wa ziwa uko mita zipatazo 770 tu juu ya usawa wa bahari. Masikio ya watoto yakaziba, na joto likawapokea. Barabara hii zamani ilikuwa vumbi na tope. Siku hizi imetiwa lami, na anayesema hana njia hana udhuru.

Tukafikia Ujiji kwa jamaa zetu. Ewe kijana wa Kiislamu wa nchi hizi, ujue ya kwamba Ujiji si mji wa kupita bila ya kutazama. Ndiko ilikoishia njia ya misafara itokayo Bagamoyo, mwendo wa miezi kwa miguu. Na kwa njia hiyo hiyo Kiswahili na Uislamu viliingia upande wetu. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, na mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone. Pana makumbusho na ukumbusho wao, chini ya miembe iliyotokana na ule mwembe wa zamani. Tuliwaambia watoto wasiishie kwenye majina ya wageni wawili. Wamkumbuke na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa Bara Hindi, akarudi akawa kiongozi wa misafara, akafika Ujiji na Burton na Speke, kisha akafika tena na Stanley. Wawakumbuke Susi na Chuma, ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 waliubeba mwili wake pamoja na wenzao, miezi mingi, mpaka pwani.

Hapo tukaelezwa habari za biashara ya watumwa iliyopita katika njia ile. Kijana wetu wa pili akatuuliza, na watu wanasikia: "Baba, hao waliowafunga watu minyororo walikuwa dini gani?"

Wallahi tulitamani kumwambia anyamaze. Lakini tulikuwa tumewafundisha kwamba Mwislamu hasemi uongo. Tukamwambia: "Mwanangu, wengi wao walikuwa Waislamu kama sisi, na waliokamatwa wengine walikuwa babu zetu. Dini imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada kubwa na kafara ya madhambi. Wao wakaifanya nchi nzima kuwa soko. Dhuluma haiwi halali kwa sababu mwenye kuifanya anasali." Akafikiri, akasema: "Basi hata anayesali ajihadhari." Somo hili tumelisomesha miaka mingi kwa maneno mengi, wala hatukupata kuliona likiingia moyoni kwa upesi namna ile.

Siku ya tatu tukatembea Kigoma. Tuliona kituo cha reli kilichojengwa zama za Wajerumani, reli yao ilipofika ziwani mwaka 1914. Tuliwasimulia vijana habari za meli Liemba, iliyoundwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa hapo Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Na mafundi wake kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, ikatumika miaka mingi. Kijana mkubwa, ambaye anapenda ufundi, amekuwa akiitaja grisi ile mpaka leo, ya kwamba fundi mwema huifikiria kazi yake hata anapoiaga.

Gombe hatukwenda, kwa kuwa huendewa kwa mashua na gharama yake ilituzidi. Lakini mwenyeji wetu alituonyesha upande wake, kaskazini ya mji, akatusimulia habari ambayo ilimfaa sana kitinda mimba wetu. Mwaka 1960 alikuja Mwingereza Jane Goodall, umri wake miaka 26, ili achunguze maisha ya sokwe. Serikali ya wakati ule haikukubali akae porini peke yake, basi akaja na mama yake mzazi, nao wakalala katika hema moja kuukuu. Binti alipanda milimani kuwatafuta sokwe, na mama akabaki kambini akiwagawia wavuvi dawa ndogo ndogo. Gombe imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Bibi Goodall amefariki mwaka 2025, baada ya dunia nzima kumjua. Mtoto akatuuliza: "Na huyo hakuwa mkimbizi?" Tukamwambia hakuwa. Akaridhika.

Jambo moja la Kigoma hatutalisahau. Alfajiri ya siku ya nne tuliwachukua wote ufukweni. Wavuvi walikuwa wakirudi na dagaa, taa zao bado zinawaka. Watoto waliingia majini wakipiga kelele. Mama watoto alikunja kanga yake kidogo, akaingiza miguu, akachota maji kwa kiganja akayatazama. Akasema kwa sauti ndogo: "Kumbe ndilo hili." Akakaa kimya muda mrefu. Sisi tulisimama nyuma yake tukaona haya, tukijua kwamba maji haya yalikuwapo miaka yote 26.

Sasa tufike kwenye ukurasa usiopendeza. Siku hiyo ya nne tulirudi Kasulu, tukaenda shambani kwa shemeji, mahali pazuri penye vilima na majani. Tulikuwa na turubai mbili, kamba, mikeka, vyandarua, sufuria na tochi. Shemeji alikwisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji. Tuliwasomesha watoto adabu za kupiga kambi kama alivyozifundisha Mtume (s.a.w.): tusilale juu ya njia, kwa kuwa usiku njia ni mapito ya wanyama na wadudu, tusitawanyike, bali tukae karibu karibu, tusiuache moto ukiwaka tukalala, na tusichafue njia, wala kivuli, wala mahali pa maji. Yote hayo tuliyasema vizuri, kwa kuwa kusema ndiyo kazi yetu.

Ikabaki kuchagua mahali. Sisi tulipapenda bondeni, karibu na kijito, ili maji ya udhu yawe karibu. Mama watoto akatazama mawingu ya upande wa Burundi, akasema: "Tupande pale juu kidogo, Mwalimu. Hapa majani yamelala upande mmoja, maji hupita hapa." Alikuwa amesema kweli, kwa maana yeye ni mkulima na macho yake yanajua ardhi. Sisi tukaona tukimfuata mbele ya watoto tutaonekana hatujui. Tukasema neno la mwisho, tukafunga kamba.

Mvua ilikuja saa saba za usiku. Haikuja kwa kunyesha, ilikuja kwa kumwagika. Kabla hatujapata tochi maji yalikuwa yamekwisha ingia chini ya mikeka, na turubai moja ikalemewa ikaangukia watoto. Kitinda mimba akalia. Nasi, badala ya kumshika mtoto, tukampigia kelele mama yao kwa nini hakufunga masanduku ya chakula, na kwa nini watoto hawakuvaa masweta. Tulisema maneno ambayo hatutaki kuyaandika. Yeye hakujibu. Alikuwa tayari amembeba mtoto mgongoni. Ni binti aliyesema, katika giza, kwa sauti ya heshima lakini imara: "Baba, amiri ni wewe. Sasa twende wapi?"

Ndugu zetu, neno hilo lilituingia kuliko mvua. Tukapanda kilimani, tukashikana mikono, mpaka nyumbani kwa shemeji. Wakawasha moto, wakatupa nguo kavu na uji. Watoto walipokwisha lala, mama watoto akasema jambo moja tu. Akasema: "Mwaka 1993 nilikuwa nikiwaona wanafika na watoto, mvua kama hii. Wao hawakuwa na nyumba ya shemeji ya kukimbilia."

Sisi tulikuwa vijana mwaka ule, na tuliwaona pia. Lakini tulikuwa tumewaona kwa macho makavu.

Baada ya sala ya Alfajiri tuliwaita watoto wote. Tukasema mbele yao kwamba mama yao alishauri jambo la haki mara mbili, la mwezi wa safari na la mahali pa kambi, nasi tukamkataa kwa kiburi. Kisha tukamkosea kwa ulimi. Tukamwomba radhi hapo hapo, maana kosa lililofanywa mbele ya watoto halitubiwi chumbani. Tuliogopa kwamba heshima yetu itapungua. Mpaka leo hatujaiona ikipungua.

Tulikusudia kurudi siku ile, lakini mbingu ilitakata, na watoto wakaomba usiku mwingine. Tukamwambia mama watoto: "Leo mambo ya kambi ni yako." Alichagua mahali palipoinuka, chini ya upepo, akaamuru vijana wachimbe mfereji mdogo kuzunguka turubai. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka tuliyoinunua Kigoma. Tulisali Magharibi na Isha kwa kukusanya, hali tunaelekea kibla, ambacho kwetu ni kaskazini kwa kuinamia mashariki kidogo, tukawaonyesha nyota. Kijana mkubwa, ambaye nyumbani hutujibu kwa neno moja moja, alikaa karibu na makaa akatueleza hofu yake ya mitihani na maisha. Alisema saa nzima. Huo nao ni ukurasa tusiopata kuusoma tungalibaki nyumbani.

Sasa tumrudie ndugu yetu wa Kasulu, na kila aliye kama yeye, kwa maneno ya kufanya.

Kwanza, mwezi. Aliye katika nchi yetu ya juu na asafiri katika likizo ya Juni mpaka Julai, wakati wa kiangazi. Desemba ni ya kulima, na mvua yake tumekwisha ieleza.

Pili, fedha. Usikope, usiguse ada ya shule wala haki ya mtu. Asiyeweza kufika Kigoma na aende mpaka Malagarasi akarudi jioni. Watoto hawahesabu kilometa.

Tatu, shauri. Mwulize mkeo kabla ya kuamua, si baada yake. Na kila mtoto umpe kazi: mmoja maji, mmoja tochi, mmoja kuhesabu mizigo.

Nne, mahali. Ukilala nje, lala katika shamba la mtu unayemjua, kwa idhini yake, na uongozi wa kijiji upewe habari, hasa kwetu sisi wa mpakani. Kando ya mapori ya Moyowosi usijaribu, kwa kuwa ni makao ya wanyama wakali. Panda palipoinuka, tunga chandarua, zima moto, na asubuhi paache mahali safi kuliko ulivyopakuta.

Tano, sala. Safari ya Kibondo kwenda Kigoma yapita kipimo cha kufupisha sala. Basi Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili, na ruhusa ya kukusanya ipo. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Wafundishe watoto ruhusa hii wakiwa njiani, wapate kujua kwamba dini yao ni nyepesi.

Sita, ukweli. Watoto wakiuliza safarini, wajibu kweli, hata kama jibu linakuuma.

Ama kuhusu heshima ambayo ndugu yetu anaiogopea, twamwambia hivi: heshima yetu haikushuka kwa kulala chini ya turubai na mke na watoto. Ilishuka kwa ukali wetu usiku wa mvua, na ukali ule tulikuwa nao miaka yote ndani ya nyumba ya bati, ila nyumbani haukuwa na mvua ya kuufunua. Aliyefunuliwa aibu yake angali hai na amepewa nafasi ya kuitengeneza, huyo amefanyiwa hisani.

Na ama yule kitinda mimba aliyeuliza kama tumekuwa wakimbizi, siku tuliyorudi Kibondo alikunja turubai moja akaiweka kando. Tulipomwuliza, akasema: "Hii tumpe yule mama wa kwenye basi, tukimwona." Hatujamwona tena. Turubai tuliitoa kwa mwingine mwenye haja, maana msafiri aliyekatikiwa na njia ana haki yake katika mali ya Waislamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari njema, za karibu na ile ya mbali isiyo na marejeo, na atukutanishe na watu wetu wa nyumba hapa duniani na kesho akhera. Amin.